Kabla Hatujafika George Street

Asubuhi ya siku ya kazi, ukipanda kilima cha Nakasero, Kampala, kupitia George Street, utawatambua kwa bahasha zao. Ni bahasha kubwa za kaki, zimechakaa ukingoni kwa kushikwa sana. Ndani mna cheti cha kifo kutoka NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, barua yenye muhuri ya mwenyekiti wa mtaa (LC1), nakala za vitambulisho, na muhtasari wa kikao cha ukoo ulioandikwa kwa mkono. Chini ya muhtasari ziko saini, na pale ambapo mwenye jina hakusoma, pana alama ya dole gumba kwa wino wa buluu. Mjane ameketi benchi moja na shemeji zake, lakini hawasemezani. Kijana aliyevaa koti la suti linalompwaya anauliza foleni inaanzia wapi. Wote wanaitafuta Amamu House, jengo ambalo kwa miaka mingi limekuwa na ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, mtumishi wa serikali anayesimamia mali za waliofariki.

Nimekaa kwenye mabenchi ya mtaa ule mara mbili katika maisha yangu. Mara zote mbili nilikuwa nikifuatilia mali ya ndugu aliyefariki bila kuacha hata karatasi moja. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Mara ya pili nilielewa kwamba sisi, familia, ndio tuliojipeleka pale, kwa sababu tulikuwa na miaka mingi ya kumuuliza mzee wetu na hatukumuuliza.

Mtu akifariki Uganda bila wosia, kifo chake huripotiwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu. Familia huitwa kikaoni, hukubaliana nani asimamie mirathi, na ofisi ikiridhika hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi. Baada ya hapo ombi hupelekwa mahakamani, tangazo huwekwa gazetini kwa siku 14, na asipojitokeza wa kupinga, mahakama hutoa barua za usimamizi wa mirathi. Utaratibu huu una maana yake, kwani umewazuia matapeli wengi kujifanya watoto wa marehemu. Lakini kila hatua ni mlango, na ndugu mmoja mwenye hasira anaweza kuufunga. Atagoma kusaini muhtasari, au ataweka kaveeti, yaani zuio, kwenye ardhi, na familia nzima itasubiri. Wakati huo paa linavuja, mpangaji hajui amlipe nani, na karo ya mtoto wa mwisho haina pa kutoka.

Wanaodhani kwamba kutoandika ni kuiachia familia uhuru wa kuamua wanakosea. Usipoandika wewe, sheria imekwisha kukuandikia. Sheria ya Mirathi ya Uganda, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1906, ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022. Kwa marekebisho hayo, mali ya mtu aliyefariki bila wosia hugawanywa hivi: watoto na wajukuu asilimia 75, mjane au mgane asilimia 20, ndugu waliomtegemea asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Kabla hata ya mgawanyo huo, sehemu ya mali hutengwa kwa ajili ya elimu na matunzo ya watoto wadogo, wale walio masomoni ambao hawajafika miaka 25, na wenye ulemavu waliokuwa wakimtegemea marehemu.

Hiyo asilimia 1 ya mwisho ndiyo inayovunja nyumba nyingi za Buganda. Msiba ukiisha, ukoo hukutana kwa okwabya olumbe, ibada ya kufunga msiba, na mbele ya watu wote mtu mmoja hutawazwa kuwa omusika, yaani mrithi wa kimila. Huvishwa lubugo, vazi la gome la mutuba, hukabidhiwa mkuki, na huelezwa wajibu wake kwa marehemu na kwa ukoo. Ni ibada nzito yenye heshima, na sina neno la kuipunguzia hadhi. Kosa huanza kesho yake. Yule kijana aliyevishwa lubugo Jumamosi, Jumatatu anaanza kudai kodi kwa wapangaji na kuwaambia dada zake watafute pa kwenda, kwa sababu "mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha baba." Kiti amekaa kweli. Jina la ukoo analibeba, na wajibu wa kuwatazama wadogo ni wake. Nyumba si yake. Kwa nafasi yake ya omusika, sheria inampa sehemu 1 katika 100. Kilichobaki atakipata kama mtoto, sawasawa na dada zake. Laiti mzee mwenyewe angeyasema haya kwa mdomo wake, wanawe wote wakiwa wamekaa mkekani, nusu ya kesi hizi zisingezaliwa.

Nyumba nayo ina sura yake. Ile waliyokuwa wakiishi mume na mke haiingii kwenye hesabu ya asilimia. Mjane, au mgane, pamoja na watoto wana haki ya kuendelea kukaa humo, na kuwafukuza sasa ni kosa la jinai. Haki hii haikushuka yenyewe. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba, katika shauri lililofunguliwa na chama cha wanasheria wanawake cha Law and Advocacy for Women in Uganda, ilivifuta vifungu vya sheria ya mirathi vilivyombagua mwanamke. Ilichukua miaka 15 zaidi kabla Bunge halijaweka vifungu vipya mahali pake. Katika muda huo wajane wangapi walikuta vyombo vyao uani, sijui kama yupo aliyewahesabu.

Ila mjane anayetajwa na sheria ni mke wa ndoa. Hapa nawaomba wasomaji wanisikilize kwa makini, maana jambo hili limewaliza wengi. Uganda haitambui kuishi pamoja kuwa ndoa, hata kama mmeishi miaka 30 na mna watoto saba. Watoto watarithi, wawe wa ndoa au wa nje. Mama yao, asiye na cheti cha ndoa wala ndoa ya kimila inayothibitika, anaweza kuondoka mikono mitupu, au abaki akiomba afikiriwe kama mtegemezi katika ile asilimia 4. Wazee wengi tunaowajua wamo katika hali hii. Walianza maisha bila sherehe kwa sababu hapakuwa na pesa, kisha miaka ikapita. Sheria ya kusajili ndoa za kimila ipo tangu mwaka 1973. Babu wa miaka 75 anaweza leo kupeleka mahari aliyokuwa akidaiwa kwa wakwe zake, akasajili ndoa, na bibi yetu akalala usingizi.

Sasa niwape la kwetu. Ssenga, shangazi yangu, ana miaka 78. Aliuza nyanya na vitunguu katika soko la Nakasero tangu akiwa msichana hadi magoti yalipomkatalia, na kwa nyanya hizo alijenga vyumba sita vya kupangisha huko Nateete, vile ambavyo Kampala tunaviita mizigo. Mwaka jana nilijikaza nikamuuliza karatasi zake ziko wapi. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, mnangoja nife?"

"Hapana, Ssenga. Nangoja uniambie ukiwa hai."

Hakunijibu siku ile. Wiki mbili baadaye alinipigia simu mwenyewe, akaniambia nije Jumapili na nisije na mtu. Nilipofika alikuwa amekwisha kulivuta sanduku lake la bati kutoka uvunguni. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso. Juu kabisa palikuwa na gomesi la hariri alilosema azikwe nalo. Chini yake, ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari, mlikuwa na hati ya mauziano ya kibanja, iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari iliyopigwa mistari, yenye saini za majirani ambao wengi wao sasa ni marehemu. Zilikuwepo risiti za mabati, kitabu cha akiba cha chama chao cha wanawake wa sokoni, na orodha ya watu waliomkopa, wengine tangu zamani.

Na ulikuwepo wosia. Sikuutegemea. Aliuandika miaka tisa iliyopita kwa msaada wa katekista wa kanisani kwao, ukurasa mmoja kwa Kiganda, mwandiko mzuri kabisa. Vyumba viwili kwa mwanawe mkubwa, viwili kwa binti, kimoja kwa mjukuu aliyemlea, na kodi ya kile cha sita itumike kutunza makaburi ya ukoo kule kijijini. Nilisoma nikafurahi, hadi nilipofika chini. Mashahidi walikuwa wawili: jirani yake, na yule mwanawe mkubwa.

Sheria inataka wosia uwe wa maandishi, usainiwe na mwenyewe, na ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili. Shahidi akiwa ndiye pia anayepewa mali katika wosia huo, au akiwa mume au mke wa anayepewa, wosia unasimama lakini zawadi yake inaanguka. Yaani binamu yangu, kwa kumshika mama yake mkono siku ile, alikuwa amejinyang'anya vyumba viwili kwa saini yake mwenyewe. Na wala hakujua. Katekista hakujua. Ssenga alipoelewa, alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe ningemdhulumu mtoto aliyenijengea choo."

Wosia uliandikwa upya. Mashahidi safari hii ni jirani na mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, watu wasio na hata kijiko chao humo ndani. Mwanasheria aliyetusaidia alitushauri mambo mawili ambayo nisingeyawazia. La kwanza, Ssenga aende kwa daktari wake wa kisukari siku hizo hizo na apewe barua fupi ya kuonyesha kwamba akili yake ni timamu. La pili, kila chumba kitajwe kwa namba iliyopakwa mlangoni, isiwe "vile vya upande wa barabara," maana barabara huhamishwa.

Barua ya daktari inaweza kuonekana ni kujisumbua bure, hadi ukumbuke yaliyotokea Dar es Salaam. Reginald Mengi, mwanzilishi wa kampuni za IPP na mmoja wa matajiri waliojulikana zaidi Afrika Mashariki, alifariki Dubai Mei 2019 akiwa ameacha wosia wa mwaka 2017 uliompa mali mke wake na watoto wao mapacha. Watu wa familia yake wakaupinga mahakamani. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaubatilisha wosia ule. Miongoni mwa hoja zilizouangusha ni kwamba watoto wakubwa waliachwa nje bila kuelezwa sababu, na kwamba afya ya mzee wakati wa kuuandika ilitiliwa shaka. Mengi hakukosa mawakili wala pesa ya kuwalipa. Sheria ya Tanzania si ya Uganda, lakini hata hapa mtegemezi aliyeachwa bila chochote anaweza kuiomba mahakama impatie riziki yake katika mali ya marehemu. Mzee akiamua kumnyima mtoto, na wakati mwingine ana sababu nzito, aitaje sababu hiyo kwenye wosia, na aandike mapema, afya ikiwa bado nzima.

Na kama Mengi aliandika wosia usiosimama, yupo aliyekuwa mwanasheria mwenyewe na hakuacha wosia wowote. S. M. Otieno, wakili wa Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika shambani kwao karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mila za Wajaluo. Maiti ilikaa mochwari zaidi ya siku 150 wakati mahakama zikibishana, hadi ukoo uliposhinda na mazishi yakafanyika tarehe 23 Mei 1987. Wambui hakuhudhuria. Huwa naikumbuka kesi hii kila ninapomsikia mzee wa mjini, aliyeoa kabila jingine, akisema "watoto watajua wenyewe pa kunizika." Hawatajua. Waambie, na ukoo usikie, wewe ukiwa hapo.

Nakasero yenyewe imeona mirathi iliyopinda kuliko hizo zote. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, majumba yao katika kilima hiki na kile cha Kololo yaliangukia mikononi mwa bodi ya kutunza mali za Waasia walioondoka. Sheria ya mwaka 1982 ikafungua mlango wa kurudishiwa. Lakini wenyewe walikuwa wamezeeka London, Leicester au Toronto, na wengine walikuwa wamekufa. Watoto wao wakalazimika kuthibitisha kwa karatasi kwamba ni watoto, na kwamba baba hakumuuzia mtu wala kulipwa fidia. Waliokuwa wamehifadhi hati zao katika mabegi machache waliyoruhusiwa kubeba walikuwa na pa kuanzia. Wasiokuwa nazo waliishia mikononi mwa madalali na wawakilishi wa kughushi, hata mwaka 2019 kamati ya Bunge ya COSASE ikaichunguza bodi hiyo na mali ambazo bado hazijulikani ni za nani. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Hali hiyo inajirudia leo kwa familia za Waganda weusi. Watoto wako Boston, Dubai na Johannesburg. Mama yuko Ntinda peke yake na msichana wa kazi. Hati ya ardhi iko kwa "wakili fulani" ambaye simu yake haipatikani. Viwanja vingi vya katikati ya jiji ni vya kukodi serikalini kwa miaka 49 au 99. Mkataba ukikaribia kuisha lazima mtu aombe uongezwe, na mtu huyo lazima awe na mamlaka ya kisheria ya kufanya hivyo. Marehemu hawezi. Watoto wasio na barua za usimamizi hawawezi. Na barua hizo zenyewe, tangu marekebisho ya 2022, kwa kawaida zina uhai wa miaka 2 tu, isipokuwa mahakama iongeze muda. Zamani mtu alizishika miaka 20 akila kodi ya wenzake. Sasa anatakiwa akusanye, alipe madeni, agawe, na atoe hesabu.

Kuna jambo ambalo hatulitaji kabisa, nalo ni ule wakati mzee angali hai lakini akili imeanza kumtoka. Hajafa, kwa hiyo wosia hauna kazi. Kadi ya benki iko, namba ya siri ameisahau. Wengi hutegemea hati ya uwakilishi aliyompa mtoto mmoja, wasijue kwamba hati ya kawaida ya namna hiyo hukoma aliyeitoa anapopoteza akili timamu, kama inavyokoma anapofariki. Kinachobaki ni mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 inairuhusu kumteua mtu wa kusimamia mambo yake. Kuliko kufika huko, wazee wenye busara huanza mapema. Hufungua akaunti ya watu wawili na mtoto wanayemwamini, huwaonyesha wawili au watatu mahali hati zilipo, na huhakikisha mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, benki na chama cha akiba wana majina sahihi ya warithi. Nimeona fomu ya mzee mmoja ambayo mrithi aliyeandikwa alikuwa kaka yake aliyefariki wakati wa vita vya Luweero.

Kuhusu gharama, wengi wanaogopa bure. Uganda haina kodi ya mirathi. Wosia hauhitaji karatasi ya muhuri wala Kiingereza. Unaweza kuandikwa kwa Kiganda, Kinyankole au Kiswahili. Asiye na pesa ya wakili anaweza kwenda FIDA-Uganda, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974, ambacho kimewasaidia wengi bila malipo. Ndugu zangu Waislamu wana hesabu yao ya mirathi iliyokwisha kupangwa, lakini hata wao wana ile theluthi moja wanayoweza kuiusia kwa asiye mrithi, na wana madeni na amana za kuandika.

Kinachotuzuia si pesa, ni hofu ya uchuro. Tunadhani kukitaja kifo ni kukiita. Nilimuuliza Ssenga, baada ya wosia mpya kusainiwa, kama alijisikia vibaya. Alisema usiku ule alilala hadi jua likamkuta kitandani, jambo ambalo halikumtokea tangu alipoacha kudamkia sokoni saa kumi za alfajiri. Nakala moja ya wosia iko kwa mwanasheria, moja kwa mchungaji, na moja imerudi kwenye sanduku la bati, chini ya gomesi la hariri. Wanawe wote wameusoma. Mkubwa alinung'unika kuhusu chumba cha mjukuu, mama yake akamjibu palepale, yakaisha.

Msomaji, kama una mzazi, babu, nyanya au shangazi aliyefika umri, mwendee Jumapili hii baada ya chakula, ukiwa peke yako. Usimuulize nani atapata nini, maana hilo ni lake. Muulize karatasi ziko wapi, anadaiwa na nani na anamdai nani, na angependa apumzishwe wapi. Akikwambia unamwombea kifo, usibishane naye. Rudi tena Jumapili inayofuata.